Mnyama wa Barafu

Hakuna kitu chini ya jua hili kinachoweza kunishangaza mimi. Nalisema hilo mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nimeuza maandazi kwenye geti la hospitali kule Mkomaindo wakati kichwa changu hakijafika kiunoni mwa wateja. Nimebeba magunia ya korosho mpaka bega likaota sugu. Nimefilisika, nikasimama, nikafilisika tena kwa sababu ya ndugu, nikasimama tena kwa sababu ya ubishi. Nimeiona korosho ikipanda bei mpaka watu wakawanywesha mbuzi soda, nikaiona ikishuka mpaka watu wale wale wakawatafuta wale mbuzi wawauze. Shule niliishia darasa la nne, na leo wenye vyeti vyao wananiletea barua za kuomba kazi zilizoandikwa "Mheshimiwa Mkurugenzi," nami nazisoma polepole mpaka mwisho, kwa raha zangu. Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipokwenda Newala kumzika Mzee Chitanda, mjomba wa mke wangu, nilikwenda kama mtu aliyekwisha kuona kila kitu. Tulikuwa tumekaa uani, jeneza liko tayari kutolewa, wanawake wanalia ndani, mara Athumani fundi baiskeli, ambaye ni mtani wa ukoo ule, akalala kifudifudi mchangani mbele ya mlango. Akatanua vidole vyake kwenye masikio mfano wa manyoya, akaachama mdomo, akaanza kutambaa akija kwangu taratibu, tumbo chini. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wazee wakafuta machozi ambayo sikujua tena ni ya nini, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba mkwe wa barafu amkanye mnyama wake, anazuia maiti isitoke. Utani ndivyo ulivyo: mtani akiziba njia msibani, unampa chochote ndipo njia ifunguke. Nikatoa, akainuka, akajipangusa mchanga, tukaenda kuzika. Lakini njia nzima ya kurudi Masasi nilikuwa nikijiambia kwamba kama miaka yote hii bado wanaicheza hadithi yangu misibani, basi na mimi niiandike, maana wao wanaicheza vibaya. Mnyama yule hakutambaa vile.

Mwaka ninaousema nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mali yangu yote ilikuwa friza moja pale stendi ya Masasi. Niliuza maji ya kufunga kwenye mifuko, juisi ya ukwaju na barafu za mabonge kwa wenye samaki. Watu waliniita Issa Barafu, na sikukasirika, kwani jina la biashara ni bora kuliko jina la ukoo usio na biashara. Nilipopata cha kuongeza friza ya pili nilikwenda Dar es Salaam, nikaelekezwa kwenye nyumba moja ya wageni wa ng'ambo waliokuwa wakirudi kwao na kuuza vyombo. Aliyekuwa akiuza ni mpishi wao, mzee wa kwetu kusini, na aliposikia lafudhi yangu akanipunguzia bei bila hata kuombwa. Friza ilikuwa jikoni. Juu yake palikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi kitu ambacho nilikitazama kwa muda kabla sijaamua ni cha upande gani. Urefu wake kama kiganja na nusu. Mwili wa kambale mdogo, lakini ana miguu minne yenye vidole laini kama vya mtoto mchanga. Kichwa kipana, mdomo umekaa kama unacheka, macho madogo hayafumbi, na pande zote mbili za shingo yametoka manyoya mekundu yanayopepea majini. Mpishi akaniambia wenyewe walikuwa wakimwita akisolotli, kwamba asili yake ni ziwa moja la Meksiko huko Amerika, na kwamba yale manyoya ndiyo mapafu yake, ameyavaa nje. Ni mtoto maisha yake yote, akasema mzee yule, anakua, hata kuzaa anazaa, lakini umbo la utoto halimtoki na majini hatoki mpaka kufa. Mguu ukikatika unaota mwingine. Tatizo lake moja tu, anataka maji ya baridi, na kwa joto hili hakuna Mwafrika atakayehangaika naye, kwa hiyo kesho atamtupa. Nikamwambia mzee, amfunge. Katika nchi nzima ya Tanzania, nani mwingine angeweza kumfuga kiumbe wa kula baridi, kama si mimi mwenye barafu? Nilisafiri naye juu ya lori la saruji, ndoo mapajani, kila tuliposimama nikimtilia kipande cha barafu, na utingo akiniuliza kama ninapeleka dawa.

Masasi nilimweka juu ya kaunta. Sitaki kusema uongo, mauzo yalipanda wiki ile ile. Watu walikuja kumwona, na mtu hawezi kusimama dukani kwa mtu akishangaa bila kununua kitu, aibu inamshika. Nilimlisha nyungunyungu na vipande vya ini la ng'ombe, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu ini lina damu. Nilikuwa nayasikia yote nikiwa nimeinama ndani ya friza, maana mtu akikuona umeinama anadhani na masikio yameinama. Walisema ni jini la biashara. Walisema nimempata kwa mganga na sharti lake ni nisioe. Paka wa jirani alipoingiza mkono kwenye tangi akamnyofoa kiganja cha mbele, walisema sasa Issa amekwisha. Na kiganja kilipoanza kuota upya, kwanza kama kichomozo cha uyoga, halafu kidole, halafu vidole, walisema sasa sisi ndio tumekwisha. Sikumjibu hata mmoja. Waliosema hivyo walikuwa wakinywa soda zangu huku wamesimama hatua chache kutoka kwenye kioo, na mimi nilijifunza jambo ambalo wasomi hulipia ada: mtu anayekuogopa hulipa bila kuomba upunguze.

Mtu mmoja tu hakuuliza kama ni jini. Alikuwa binti wa Newala aliyekuwa akishuka Masasi kuuza ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na chumvi. Jina lake Somoe. Aliinama, akamtazama mnyama kwa utulivu kama mtu anayechagua embe, akauliza, "Maji yake anabadilisha nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Hubadilishi vizuri," akaenda zake. Nilikaa na maneno yale siku kadhaa. Baadaye nikawatangazia wenzangu stendi kwamba nahamishia friza moja Newala, kwa sababu umeme wa Masasi mwaka ule ulikuwa ukija kusalimia tu, na Newala ni juu, kuna baridi, mnyama ataishi hata bila barafu. Wenzangu wakaniuliza tangu lini barafu ikauzwa kwenye baridi. Niliwaambia hawajui biashara.

Mama yake Somoe alikuwa na mgahawa wa vyumba viwili karibu na soko, na alinipangisha chumba cha mbele. Nakiona chumba kile sasa hivi ninapoandika. Benchi mbili zilizong'azwa na suruali za watu, dirisha la mbao linalofungwa kwa kamba, kalenda ya mwaka uliopita iliyobaki ukutani kwa sababu ya picha yake ya maua, na pazia la kanga lililotenganisha wateja na jiko. Mnyama alikaa kwenye pembe isiyopata jua. Nilikula pale asubuhi na jioni: ugali wa makopa, ule muhogo uliokaushwa, kisamvu kilichotiwa korosho za kusaga, mbaazi, na siku nyingine panya wa shambani waliokaushwa kwa moshi, ambao kule huwaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Wateja walizoea upesi. Wakawa wanamsalimia mnyama wakiingia, na mmoja akasema siku huyu akiota moyo wa kutembea mchangani tutamwita jina lile lile na tutamla na ugali. Mama Somoe alimwambia kwamba kwanza alipe ugali wa juzi.

Nyuma ya lile pazia ndipo nilipomsikia Mzee Chitanda kwa mara ya kwanza. Kwetu kusini baba ana heshima yake, lakini binti anaombwa kwa mjomba, na mjomba akisema hapana hakuna mlango mwingine wa kugonga. Nilikuwa nimekwisha kutuma mtu kupima upepo. Mzee alikuwa amekuja kumjibu dada yake, na mimi nilikuwa nakula upande wa mbele, tonge mkononi. Alisema hana ugomvi na kazi yangu wala kabila langu, Wamakua wa Lupaso ni watu wa kuoana nao. Alichonacho ni kwamba ameuliza akaambiwa kijana huyu hakuingia jandoni. Alitahiriwa hospitali kwa sindano ya ganzi, akarudi sokoni kuuza maandazi. Hakukaa porini na wenzake, hakufundwa, hakutolewa, hakupewa jina. "Huyo ni msungo," akasema, ambalo ni neno la mtu asiyepitia jando, na kwa wazee wale msungo hata akiwa na mvi ni mtoto tu aliyerefuka. "Simpi msungo mtoto wa dada yangu." Mama Somoe akasema, lakini kaka, ana friza mbili. Mzee akasema hata duka la dawa lina friza. Niliuacha ugali wangu pale, na mimi si mtu wa kuacha ugali.

Nataka hapa nieleweke, maana wapo wanaodhani nilikuwa na aibu. Sikuwa nayo na sina. Wakati wenzangu wanaingia jandoni mimi nilikuwa na kazi ya kufanya, na aliyekula kwa kazi ile anajijua. Nilichokuwa nacho ni hasira. Nilitaka kumwoa Somoe, na nilitaka nimwoe vile nilivyo.

Somoe alikuwa ameshika kazi ya maji bila kuombwa. Anayeijua Newala anaijua habari ya maji. Tuko juu ya mwamba, chemchemi ziko chini bondeni, na mashine ya kupandisha maji inafanya kazi ikijisikia. Ndoo moja ilikuwa na thamani ya chakula. Naye kila siku ya pili alimwaga nusu ya maji ya tangi kwenye mche wa mpapai, akatia mengine aliyoyaacha yakae kivulini usiku kucha yatulie. Wakati wa kiangazi, mashamba ya mikorosho yalipoanza kupulizwa salfa na upepo kuleta ule unga wa manjano mpaka kwenye vikombe vya chai, alilifunika tangi kwa kanga yake. Habari ikamfikia mjomba wake kwamba mtoto wa dada anabebea maji jini la mchuuzi. Akaja baada ya sala ya adhuhuri, amefuatana na wazee wawili. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba huku akitazama tangi. Soda alikataa. Akasema hapa juu kuna wanawake wametoka kujifungua wakaoga kwa nusu ndoo. Nikamjibu, kwa adabu, kwamba maji nanunua kwa hela yangu.

"Hela unazo, nimesikia," akasema. "Huyu ni mkubwa au mdogo?"

"Ni mkubwa, mjomba. Umbo tu ndilo la utoto. Ndivyo alivyo mpaka kufa."

"Na humo hatoki?"

"Hana haja ya kutoka. Kila kitu anacho humo humo."

Mzee akawageukia wenzake. "Mmeona wamepatana? Msungo kafuga msungo."

Wazee wakacheka. Wateja wakacheka. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akicheka, na sauti niliijua. Damu ikanipanda kichwani. Nikasema, "Mjomba, mimi nilishatoka zamani. Nilitoka bila ngoma na bila mtu wa kunishika mkono. Na huyu, naapa mbele ya hawa wazee, akitoka majini kwa miguu yake, nitakaa kwenye jamvi lako mnifunde kama mtoto, na sitafungua mdomo."

"La kutofungua mdomo ndilo gumu," akasema mmoja wa wazee.

"Na asipotoka mpaka mvua za kwanza," nikasema, "uisikilize posa yangu hivi nilivyo."

Mzee Chitanda alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mpaka mvua," akasema, akainuka. Mama Somoe, aliyewasindikiza, aliniambia baadaye kwamba njia nzima kaka yake alikuwa akitabasamu, na kwamba hilo ndilo lililomtia hofu.

Mimi hofu sikuwa nayo. Mtu anaapa juu ya jambo analolijua, na mimi nilikuwa na neno la mpishi aliyeishi na mnyama yule miaka. Nikaanza kuulizia bei ya vitanda. Ndipo mashine ya maji bondeni ikaharibika. Wiki ya kwanza tulisema itatengenezwa kesho. Baadaye hatukusema tena. Somoe alikuwa akiondoka na wenzake alfajiri kushuka bondeni, anarudi jua limepanda, na katika ndoo ile ilipaswa kutoka chai, mboga, udhu wa mama yake na mnyama wangu. Maji ya tangi yakashuka mpaka shibiri moja, yakawa vuguvugu. Niliagiza barafu kutoka Masasi, maana friza ya Newala haikuwa na maji ya kugandisha, ikafika maji matupu. Na mnyama akaanza kubadilika. Kwanza aliacha kula. Halafu yale manyoya mekundu yakapungua, kila siku mafupi kuliko jana, kama utambi unaokosa mafuta. Utando wa mkia ukanyauka, ukabaki mkia mtupu. Ngozi iliyokuwa laini ikawa nzito, nyeusi, ikatoka mabaka ya manjano. Akawa anapandisha pua juu ya maji, anavuta hewa, anakaa hivyo hivyo akisikiliza. Nikalifunika tangi tena kwa kanga.

"Salfa ilishaisha, kaka Issa," akasema Somoe.

"Vumbi," nikasema.

"Mnyama wako anafunga mizigo." Hakucheka aliposema. Tangu siku ile sikupata maji ya kutosha kumzamisha, ingawa nilinunua pipa zima kutoka kwa mwenye lori, jambo lililonitia midomoni mwa watu Newala yote. Nilipotia pipa lile alipanda juu ya jiwe akakaa, miguu imelowa, anangoja niondoke.

Binti yangu Zuhura, ambaye anasoma chuo Morogoro na ndiye anayenipigia chapa kurasa hizi, amenieleza kwa nini. Anasema wapo ndugu wawili. Mmoja ndiye akisolotli mwenyewe, yule wa ziwani, ambaye kweli hubaki na umbo la utoto. Mwingine ni salamanda wa mabaka, jamii ya chura lakini mwenye mkia, wanayemfananisha na chui-milia, naye utotoni anafanana na ndugu yake kiasi kwamba hata wauzaji huwachanganya: manyoya yale yale, kicheko kile kile. Lakini huyu wa pili amezaliwa kwenye madimbwi. Dimbwi likikauka na maji yakipata joto, mwili wake unajua saa imefika, anatupa manyoya, anaota kope, anatoka nchi kavu. Mpishi alinipa wa pili akidhani ni wa kwanza. Zuhura ananionyesha picha zao kwenye simu akitegemea nitashtuka. Nimemwambia mimi nilimwona yule kiumbe akifanya hayo yote kwa macho yangu kwenye tangi la kioo, picha itanifundisha nini.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya joto, mawingu yamekaa upande wa Ruvuma lakini bado hayajaamua. Niliamka nikakuta kanga imeanguka chini na tangi ni maji na jiwe tu. Nilitafuta chini ya benchi, nyuma ya friza, ndani ya viatu vyangu. Uani Mama Somoe alikuwa amemaliza kutwanga makopa, unga wa muhogo umejaa kwenye ungo, na yeye amegeuka kuchochea moto. Alipougeukia ungo tena, unga ukatikisika katikati, ukafunguka, na kikatoka kichwa. Halafu miguu miwili ya mbele. Mnyama akapanda ukingo wa ungo, akashuka, akasimama mchangani, yeye mweupe tangu pua mpaka mkia, tumbo limeinuka juu ya miguu kama mtu mzima anayejua anakokwenda. Akapepesa macho. Sikuwahi hata siku moja kumwona akipepesa.

Sasa, mtu wa mahali pengine angepiga kelele. Mama Somoe alikuwa mwanamke aliyewapokea watoto wa mtaa ule wote siku wanapotoka jandoni na unyagoni, na watoto wetu siku ile hutolewa wamepakwa unga. Macho yake yaliona kitu kipya, kimepakwa unga, kinatoka hadharani, na kabla akili haijafika, koo lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Akapiga vigelegele. Virefu, vya furaha, vya kusikika mpaka sokoni. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili yenye unga, lakini jirani upande wa kulia alikuwa tayari ameitikia, na wa kushoto, na nyumba ya pili. Wakaja wakikimbia, wengine na kanga mkononi za kutandika chini mwali apite, wakiuliza mwali ni wa nani na kwa nini hawakuambiwa. Mama Somoe akanyoosha kidole. Wanawake wakatazama. Nikaona wazi kwamba wanaamua kati ya kukimbia na kucheka. Bibi mmoja mkongwe, kipofu wa jicho moja, akatandika kanga yake mbele ya mnyama. Mnyama akapanda akapita. Basi nyimbo zikaanza.

Mzee Chitanda alifika ngoma za mikono ziko katikati. Somoe alikuwa amemwosha mnyama unga kwa maji ya kikombe na kumweka kwenye bakuli lenye udongo mbichi. Mjomba wake alichuchumaa akamtazama kwa muda mrefu. Hakuna manyoya. Hakuna utando. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, na sikungoja anianze. Nikamwambia, "Mjomba, sema mwenyewe. Nani kamfunda huyu? Hakukuwa na ngariba, hakukuwa na kungwi, hakukuwa na ngoma. Katoka mwenyewe. Ndivyo nilivyotoka mimi."

Wanawake wakasogea wasikie. Mzee hakuinua kichwa.

"Maji yake alichota nani?"

"Somoe."

"Nyungunyungu?"

"Wa pale kwenye bafu la Mama Somoe."

"Alipokuwa anabadilika, nani alimfunika watu wasimchungulie?"

"Mimi."

"Kwa kanga ya nani?"

Nikamtazama Somoe.

"Watu wote hao," akasema, "na wewe unasema katoka mwenyewe. Vua viatu ukae."

Nilivua. Wanaosema nilishindwa siku ile hawajui wanachosema. Angeweza mtu mwingine kudai kwamba mnyama si yule, kwamba mpishi alidanganya, kwamba kiapo kilikuwa cha mzaha, na Newala yote ingemwelewa. Mimi nilikaa kwa sababu nilisema nitakaa. Mtu aliyejijenga mwenyewe hana ukoo wa kumshikia neno lake. Analishika mwenyewe au linaanguka. Wakanipeleka uani kwa Mzee Chitanda, wazee wale watatu na jamvi, wakanizungumzia mpaka jua likapita upande wa pili wa nyumba. Walichoniambia siandiki. Hata Zuhura ameniuliza mikono ikiwa juu ya vitufe, nikamwambia apige nukta aendelee. Nilifungua mdomo mara moja tu, kubisha, nikapata fimbo ya mgongo, na mpaka leo naamini hoja yangu ilikuwa sahihi. Mwishoni wakanipaka unga na kunipa jina. Jina lile walikuwa wakiniita wao watatu peke yao, sokoni, msikitini, kwenye simu zilipokuja simu. Wawili walitangulia. Nilipokuwa nikitupa udongo wangu kaburini mwezi uliopita niligundua kwamba hakuna tena mtu duniani anayelijua, na kwamba nilikuwa nimelizoea kuliko nilivyodhani. Sisemi zaidi ya hapo.

Mvua zilinyesha wiki ile. Posa yangu ilisikilizwa, na mwezi wa korosho nikamwoa Somoe. Mnyama aliishi nasi Masasi kwenye sanduku la udongo wenye unyevu chini ya friza, akila kumbikumbi kwa ulafi wakati wa mvua, mpaka Zuhura alipoanza shule, na hakurudi majini hata tulipomwekea. Lakini siku ile ya jamvi mambo hayakuishia kwenye unga. Vigelegele vikishapigwa, ngoma imeanza, na ngoma ikianza lazima ifungwe kwa karamu. Nani mwenye mwali, akauliza Mzee Chitanda, na watu wote wakanitazama. Akasema wali ni wawili, mnyama na mwenye mnyama, ila kwa kuwa wametoka siku moja atatuhesabia karamu moja. Mahari niliyomlipia Somoe ni siri ya nyumba mbili na itabaki huko. Hii nyingine naitaja mbele ya wote, na anayebisha aje: mchele, mbuzi, mafuta, sukari, wapiga ngoma, kanga moja moja kwa kila mwanamke aliyeimba, na kanzu yangu nyeupe, nilitoa mimi peke yangu, taslimu, nimekaa chini, kabla sijaruhusiwa kuvaa viatu vyangu, shilingi laki moja na elfu thelathini na nane mia nne na hamsini.